Waingereza Pia Walishrub: Maisha Marefu ya Herufi R

Kuna sauti moja ya Kiingereza ambayo ukiitupa London mwaka wa 1800 ulionekana mshamba. Ukiitupa London mwaka wa 1930 ulionekana mtu wa maana. Ukiitupa New York mwaka wa 1962 ulirudi kuwa mtu wa chini. Sauti ni ile ile, ulimi ni ule ule. Ni R. Leo nataka tuifuate R tangu mwanzo, juu hapa Kenya tunachekana sana kuhusu matamshi na wengi wanaocheka hawajui wanacheka kwa niaba ya nani.

Unajua venye huwa. Mtu anasimama kuongea, pengine ni shahidi wa ajali kwa habari ya saa moja, pengine ni mwanafunzi kwa mdahalo. Anasema kitu cha maana kabisa, halafu neno moja linatoka kombo. "Rorry." Ama "fis." Imeisha hapo. Kesho klipu inazunguka na hakuna mtu anakumbuka hiyo lori iligonga nini. Tuna hata kitenzi chake: kushrub. Na ukijaribu kutoroka huko uanze kutoa R za Marekani kwa pua, kuna kitenzi kingine kinakungoja: kutweng. Kati ya hivyo viwili kuna kanjia kembamba tunakotakiwa sote tupite, na hakuna mtu ametuonyesha nani alikachimba.

Tuanze na ushahidi ulio mfukoni mwako. Toa kadi, yoyote, ya benki ama ya kitambulisho. Neno "kadi" limetoka kwa "card" ya Kiingereza. R imeenda wapi? Angalia na wenzake: shati, fomu, baa, sajini, motokaa, kompyuta. "Ripoti" imebakisha R ya kwanza, ya pili haipo. Kila moja ya hizo ina R ukiiandika kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili imefika bila.

Mtu atasema, si ni vile Kiswahili hakipendi konsonanti mbili zikifuatana? Ni kweli hakipendi sana. Lakini dawa ya Kiswahili kwa hiyo shida huwa ni kuweka vokali katikati. Haitupi R. Waarabu walileta "dars", tukaifanya darasa. "Sharti" ya Kiarabu bado iko na R yake mpaka leo, na "shati" ya Kiingereza haina. Halafu kuna hii ambayo mimi huipenda zaidi ya zote: karata. Zile za kucheza. Hiyo ni "carta" ya Wareno, watu waliojenga Fort Jesus kuanzia 1593. Kwa hivyo neno lile lile la Ulaya limetua pwani yetu mara mbili. Mara ya kwanza kwa mdomo wa Mreno, tukasikia R, tukaitunza: karata. Mara ya pili, karne tatu baadaye, kwa mdomo wa Mwingereza, tukasikiliza tena kwa makini, na R haikuwa hapo: kadi.

Babu zetu hawakukosea. Walisikia sawasawa. Mwingereza aliyekuja huku alikuwa ameshaipoteza R njiani. (Vighairi vipo, kama tairi, lakini ule msururu mwingine ni mrefu.)

Aliipoteza lini? Si zamani sana. Shakespeare alikufa 1616, na kama ungemsikia akiongea, R zake zote zingekuwa kazini. "Card" ina R, "father" ina R, "word" ina R. Kwa masikio yetu angekaribia mkulima wa kule magharibi mwa Uingereza, Somerset ama Devon, kuliko mtangazaji wa BBC. Kumbuka ile sauti ya maharamia wa filamu, ile "aaarrr"? Ilienea kwa sababu ya mwigizaji mmoja, Robert Newton, kwenye filamu ya Treasure Island ya 1950. Jamaa alizaliwa Dorset, upande huo huo ambako R ilikuwa bado haijafa. Yaani sauti tunayocheka kama ya haramia ina undugu na ile Shakespeare alikuwa anaagizia chakula.

Waliovuka bahari kwenda Virginia 1607 waliondoka na R zao. Ndiyo maana ule msemo wa kwamba Wamarekani "wameharibu" Kiingereza huwa unanichekesha. R hawakuiongeza, waliibeba kwa mzigo wakienda. Wale waliosafirishwa kwa meli za wafungwa kwenda Australia kuanzia 1788 waliondoka wakati R inayeyuka huko kusini mwa Uingereza, na Mwaustralia hadi leo hana.

Vokali pia zilihama, lakini hiyo ni story ndefu, nitaipita mbio. Kati ya miaka ya 1400 na 1700 hivi, vokali ndefu za Kiingereza zilipanda kila moja kutoka kiti chake. "Name" ilikuwa inasomwa karibu na "naame", "house" ilikuwa "huus", na "knife" ilikuwa na K inayosikika. William Caxton alileta mashine ya kuchapa Westminster mwaka wa 1476, hao vokali wakiwa katikati ya safari. Tahajia ikaanza kuganda, midomo ikaendelea kutembea. Sasa mtoto wa darasa la pili kule Homa Bay anayeona "name" kwa mara ya kwanza na kuisoma vile Kiswahili kimemfundisha, na-me, yuko karibu na Chaucer kuliko mwalimu anayemrekebisha.

Turudi kwa R. Mwaka wa 1791 John Walker, aliyekuwa mwigizaji wa jukwaani kabla ageuke mwalimu wa matamshi, alitoa kamusi yake ya A Critical Pronouncing Dictionary. Ilikuwa kitabu cha kukuambia utamke nini ili usichekwe. Walker aliona kitu London: watu wanasema "bard" na "card" kama vile "baad" na "kaad". Kwa maoni yake R ya Ireland ilikuwa nzito kupita kiasi, na hii ya London ilikuwa dhaifu kupita kiasi, mara nyingine imezama kabisa. Soma hapo tena. Ile "kaad" ambayo leo inaitwa Kiingereza cha malkia, mtaalamu mkuu wa 1791 aliiona ni udhaifu wa watu wa London.

Na watu walichekwa kwa sababu yake. John Keats alizaliwa London 1795, baba yake alisimamia zizi la farasi wa kukodi, yeye mwenyewe akasomea udaktari wa wakati huo kwenye hospitali ya Guy's. Lakini moyo wake ulikuwa kwa mashairi. Kwa mashairi hayo alitia vina "thorns" na "fawns". Kwa sikio la Londoner hizo zinaimba pamoja, juu R ya "thorns" haisikiki. Kwa mtu wa Edinburgh hazifanani hata kidogo. Mwaka wa 1818 jarida la Blackwood's la huko Edinburgh lilimshukia. John Lockhart, aliyejificha nyuma ya herufi Z, aliviita vina vya kundi la kina Keats vina vya Cockney, yaani vya watu wa mtaa wa London, na akamwambia arudi akauze dawa. Keats alikuwa na miaka 22. Umri wetu. Alikufa Roma kwa kifua kikuu mwaka wa 1821, akiwa na 25, na leo wanafunzi wa fasihi kila mahali wanafanya mtihani juu yake.

Ningependa kusema Lockhart alikosea, lakini kwa sheria za siku hizo alikuwa sawa. Keats alishrub. Tatizo ni kwamba baada ya miaka kama sitini watoto wa matajiri wote walikuwa wanashrub vile vile, na ghafla haikuitwa hivyo tena.

Hiyo mageuzi ilifanyikaje? Hapa ndipo pesa inaingia. Wazazi wenye uwezo walikuwa wanapeleka vijana wao bweni kwa shule kama Eton, Harrow na Winchester. Kijana anatoka Yorkshire ama Cornwall na lafudhi ya nyumbani, anafika, anachekwa mpaka inatoka. Wote wanamaliza wakisikika sawa, na sauti yenyewe ni ya kusini, ya upande wa London, bila R. Hao ndio waliokuwa wanajaza bunge, jeshi, kanisa na ofisi za makoloni. Daniel Jones, mwanaisimu wa University College London, alipotoa kamusi yake ya matamshi 1917, aliiita hiyo lafudhi matamshi ya "Public School". Usichanganye na shule ya umma unayoijua wewe, yenye wanafunzi themanini kwa darasa. Kule neno hilo ni la zile shule za karo ya kutisha. Mwaka wa 1926 Jones alibadilisha jina ikawa Received Pronunciation, yaani matamshi yaliyokubalika. Swali ambalo huwa haliko kwa kamusi ni: yaliyokubalika na nani? Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba hata Uingereza kwenyewe wanaoongea hivyo ni kama watu 3 kwa kila 100.

Halafu redio ikaja, na mwaka ule ule wa 1926 BBC ikaunda kamati ya kuamua watangazaji watamke vipi. Angalia walioketi hapo. Mkurugenzi wa BBC, John Reith, alikuwa Mskoti. George Bernard Shaw, aliyekuja kuwa mwenyekiti wa kamati, alizaliwa Dublin. Katibu, Arthur Lloyd James, alikuwa Mwelsh. Logan Pearsall Smith alizaliwa Marekani. Shaw ndiye aliyeandika Pygmalion, ile tamthilia ya msichana muuza maua anayefundishwa kuongea kama bibi wa ikulu, kwa hivyo angalau yeye alijua mchezo unavyochezwa. Watu wa pembeni huwa walinzi wakali sana wa lango. Hata karne moja na nusu nyuma, mwaka wa 1761, aliyeenda Edinburgh kufundisha mamia ya mabwana wa Kiskoti namna ya kuongea Kiingereza safi alikuwa Thomas Sheridan, na Sheridan alikuwa Mwairishi.

Vita vya pili vya dunia vilitikisa hiyo meza kidogo. Mwaka wa 1941 BBC ilimweka Wilfred Pickles, mtu wa Halifax kule Yorkshire, asome habari za taifa zima. Sababu moja iliyotolewa ni kwamba Wajerumani wangepata shida kuiga lafudhi ya kaskazini kwa propaganda zao. Wasikilizaji wakalalamika. Tulia kidogo ufikirie: mabomu yanaanguka, chakula ni cha mgao, na kuna mtu amekaa chini kuandika barua juu ya vokali za Pickles. Kuna wengine hata walisema hawawezi kuziamini habari zikisomwa hivyo. Ukweli wa habari ulikuwa unatoka kwa vokali.

Sasa leta hii nyumbani. Shule ya Alliance ilifunguliwa pale Kikuyu 1926. Ndiyo, mwaka ule ule wa kamati na wa jina jipya la Jones. Sisemi walipanga pamoja, nasema tu hiyo ndiyo hewa iliyokuwepo. Na jirani ya hapo kuna Thogoto, walipokaa wamishenari wa Kanisa la Scotland. Unajua jina Thogoto limetoka wapi? Ni "Scot" iliyopita kwa mdomo wa Kikuyu, mdomo usiotaka S na K zikigandana, ukaweka TH na vokali zake na kuendelea na safari. Shrub imekuwa jina la mji, iko kwa matatu na kwa ramani, na hakuna anayecheka. Na hao Waskoti wenyewe walikuwa wanavingirisha R kama injini ya pikipiki. Ni wa ukoo wa wale Sheridan alikuwa ameenda kurekebisha.

Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o ameandika kwa Decolonising the Mind, kitabu cha 1986, venye baada ya hali ya hatari kutangazwa 1952 mtoto aliyepatikana akiongea Gĩkũyũ shuleni alichapwa, ama akavishwa kibao cha chuma chenye maandishi kwamba yeye ni mjinga. Kulikuwa na kitu kidogo kinachopitishwa kutoka mtoto hadi mtoto, kila mmoja akimkabidhi anayemshika akiongea lugha ya mama, na jioni waliokishika wanatajwa. Wengi wetu tulikutana nacho miaka hamsini baadaye, kikiitwa disk ama monto. Lakini hiki kitu hakikubuniwa kwa ajili ya Mwafrika. Huko Wales, miaka ya 1800, mtoto aliyeongea Kiwelsh alivishwa kipande cha mbao shingoni kilichochongwa herufi WN, na akakipitisha kwa anayefuata kuteleza. Siku ikiisha, aliyenacho anachapwa. Mashine ilijaribiwa kwa majirani kwanza, halafu ikapandishwa meli.

Kiingereza tulichobaki nacho ni mtoto wa hiyo safari: hakina R ya "card", kina vokali zetu tano. "First" na "fast" ni mapacha, "bird" ikikaa vibaya ni "bad", "work" ni "wak". Halafu kila nyumba imeweka chumvi yake. Gĩkũyũ haina L kama sauti ya kujitegemea, kwa hivyo L na R zinabadilishana viti. Dholuo haina SH, kwa hivyo samaki ni "fis". Kalenjin haitenganishi P na B, wala T na D, wala K na G, kama lugha nyingine zinavyofanya, kwa hivyo hapo mtu anakisia. Hakuna uvivu hapo. Ni sikio lililofunzwa mapema kabla halijaulizwa.

Na Mwingereza wa lafudhi ya juu naye ana yake. Msikilize akisema "law and order" kwa haraka. Utasikia "lo-ran-oda". Hiyo R imetoka wapi? Haiko kwa tahajia, haijawahi kuwa hapo. Ulimi wake, baada ya kutupa R mahali inapoandikwa, umeanza kuiweka mahali haiko, vokali mbili zinapokutana. "Idea of it" inakuwa na R pia. Hata watu wa sauti ya ikulu hufanya hivyo. Wanaisimu wameipa jina zuri la kitaalamu. Ya nyanya yako tunaiita shrub. Na mzungu akishindwa kabisa na "ng'ombe", akisema "nagombe", tunampigia makofi kwa kujaribu.

Nilikuwa campus kwa mihula minne kabla niache, na jina la chuo halina haja hapa. Darasani kulikuwa na jamaa mmoja mkali wa takwimu, yule ambaye sote tulikuwa tunampigia usiku wa kabla ya CAT. Siku yake ya kuwasilisha kazi, L moja ikageuka R, kwa neno ambalo ikigeuka linakuwa jambo lingine kabisa. Darasa likaangua kicheko. Mhadhiri pia. Jamaa akamaliza slaidi zake, akaketi. Kwa muda wote niliobaki hapo sikumsikia akijitolea kujibu swali tena, na majibu alikuwa nayo. Hiyo ndiyo sababu mimi siwezi kuchukua hii mada kama ya utani tu. Kuna watu wamenyamaza.

Tuvuke sasa hadi New York, juu ndiko R ilipindua meza. Kabla ya vita vya pili, matajiri wa pwani ya mashariki ya Marekani walikuwa wanaiga London. Bandari kama Boston na New York zilikuwa zimeangusha R kwa muda mrefu. Sikiliza rekodi za Franklin Roosevelt, aliyeapishwa 1933: akisema "fear" hakuna R mwishoni, na huyo ni mtoto wa ukoo wa pesa. Baada ya vita mwelekeo ukabadilika. Uingereza haikuwa tena bosi, na R ya bara, ya watu wa katikati na magharibi mwa Marekani, ikawa ndiyo sauti ya heshima.

Mwaka wa 1962 kijana mwanaisimu, William Labov, alitaka kupima hiyo kitu bila watu kujua wanapimwa. Akachagua maduka matatu ya nguo: Saks, la matajiri, Macy's, la watu wa katikati, na S. Klein, la bei ya chini. Anaingia, anauliza mfanyakazi mahali pa kitu ambacho tayari anajua kiko orofa ya nne. Mfanyakazi anajibu "fourth floor". R mbili, bure kabisa. Halafu Labov anajifanya hajasikia, ili mtu arudie kwa makini. Anaondoka, anajificha kona, anaandika. Alifanya hivyo kwa watu 264. Saks, asilimia 62 walitamka R angalau mara moja. Macy's, 51. S. Klein, kama 20.

Kilichonishika si hizo asilimia. Ni kwamba wafanyakazi wa Saks hawakuwa wanalipwa vizuri kuwashinda wa Macy's. Walikuwa wamekopa R kutoka kwa wateja wao. Unauza koti ambalo huwezi kulinunua, lakini sauti ya anayelinunua unaweza kwenda nayo nyumbani.

Kwa hivyo mwaka wa 1962, mtu mmoja akisema "flo" bila R kwa redio ya London alionekana amesoma, na mwingine akisema "flo" ile ile kwa duka la New York alionekana hana kitu. Ukitafuta sababu ndani ya sauti yenyewe hutaipata.

Na sisi? Tunafanya mitihani kwa tahajia ya Uingereza, "colour" na U yake, halafu tukiwasha kamera tunatoa R za California. Wazee wetu waliosoma miaka ya 50 walitupa R ili wasikike wa maana, wajukuu wao wanaiokota kwa sababu hiyo hiyo. Na yule rapa wa Atlanta unayemwiga, ukimsikiliza vizuri, mara nyingi hiyo R hata hana. Kiingereza cha Wamarekani weusi kimeiacha kwa muda mrefu, na kwao wanachekwa nayo. Matangazo ya kazi za kupokea simu huwa yanaomba mtu mwenye lafudhi "ya kawaida", isiyo na upande. Siwalaumu vijana wanaofanya mazoezi usiku kwa sababu ya hiyo sentensi, kodi ni kodi. Mimi mwenyewe nikirekodi tangazo la kulipwa sauti yangu huhama mtaa. Lakini ningependa anayeandika hilo tangazo aeleze ya kawaida kwa nani.

Kabla niende, H, kwa sababu naona dhambi kuiacha. Kamusi ya Walker ya 1791 ilisema "hospital", "humble" na "herb" zitamkwe bila H. Ukiweka H ulikuwa unakosea. Kufikia 1854 mambo yalikuwa yamegeuka na London ikanunua kijitabu kilichoitwa Poor Letter H, cha kuwasuta wanaoidondosha. Wamarekani bado wanasema "erb", na Waingereza wanawacheka kwa kufuata kitabu cha Waingereza. Watoto wa mitaa ya mashariki mwa London walifundishwa H, wakachapwa kwa sababu ya H, wakaigizwa kwa tamthilia, kizazi baada ya kizazi, na wakaendelea kusema "ouse" na "appy". Halafu, miaka ya 2000, wanaisimu wakaenda Hackney na vinasa sauti kurekodi vijana wa huko, wengi wao wakiwa na wazazi ama nyanya waliotoka Jamaica, Afrika Magharibi, Bangladesh. H ilikuwa imerudi. Ilirudi kwa midomo ya hao vijana, na wenzao weupe wanaokaa nao mtaani wakaanza kuiokota.